Vyombo vya usafiri kijijini: kipi kinabeba, kipi kinakwama

Karatasi ya muuzaji husema chombo kinabeba kilo ngapi. Haisemi kwenye barabara gani, wala mwezi gani. Pikipiki ya mizigo iliyoandikwa tani moja huibeba tani hiyo kwenye sakafu ya duka. Mvua zikishika, hata nusu yake ni shughuli, na siku nyingine haitoki uani.

Kwa hiyo hapa vyombo vyote vinapimwa kwa safari moja: kilomita 15 za udongo kutoka kijijini hadi barabara kuu, kilima kimoja, mto mmoja usio na daraja, na fundi wa kwanza yuko mwisho wa hizo kilomita. Benki ya Dunia huhesabu kwamba mkazi wa kijijini amefikiwa na barabara ikiwa anaishi ndani ya kilomita 2 za barabara inayopitika mwaka mzima, kama dakika 20 hadi 25 kwa mguu. Huyu wa kilomita 15 yuko nje kabisa ya hesabu hiyo, na ndiye tunayemwandikia.

Tani moja, safari ngapi?

Anayebeba kilo 20 kichwani, uzito wa ndoo moja ya lita 20, atakwenda mara 50 kuhamisha tani moja. Baiskeli yenye kilo 60 itakwenda mara 17. Pikipiki yenye kilo 100, mara 10. Mkokoteni wa punda wenye kilo 350, mara 3. Guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, likipakiwa kilo 500 litamaliza kwa safari 2.

Sasa mafuta. Pikipiki ya cc 125 yenye mzigo huenda kama kilomita 40 kwa lita moja. Safari 10 za kwenda na kurudi ni kilomita 300, basi lita 7.5. Guta la cc 200 lililoshiba hupata karibu kilomita 20 kwa lita. Safari 2 ni kilomita 60, lita 3. Guta limeshinda, tena kwa mbali. Lakini igeuze hesabu hiyo hiyo: mzigo ukiwa chini ya kilo 200 kwa safari, guta linakunywa zaidi ya pikipiki kwa kila kilo. Na wanunuzi wengi wa guta hawana kilo 200 kila siku. Wana kilo 500 kwa wiki chache za mavuno, na miezi iliyobaki guta linazunguka na magunia mawili.

Kurudi tupu ndiko kunakoumiza kuliko bei ya mafuta yenyewe. Mwenye chombo anayepatana na wenye maduka ya kijijini kuwaletea saruji, mbolea au bidhaa kila anaporudi amepunguza gharama ya kila kilo karibu nusu, na injini hajaigusa.

Baiskeli

Baiskeli nzito ya gia moja, tairi za inchi 28, inadharauliwa kuliko inavyostahili. Haitaki mafuta, mtu mmoja anaivusha mto akiwa ameibeba begani, na karibu kila ubovu wake unamalizwa kwa spana mbili, kiraka na gundi. Ikizidiwa, mtu anashuka na kuisukuma, nayo ikawa mkokoteni mwembamba.

Kinachokufa kwanza ni spoki za gurudumu la nyuma. Mwenye baiskeli hukimbilia kuongeza keria kubwa zaidi, akaua nyingine. Weka spoki nene za milimita 2.6 badala ya zile za milimita 2, baada ya kuhakikisha matundu ya habu yanazipokea, kisha zikazwe upya baada ya kilomita 100 za kwanza kwa sababu spoki mpya hulegea zikijikalia. Mzigo uning'inie pande zote mbili za gurudumu, chini, usirundikwe juu ya keria. Breki za vyuma zinazobana rimu ya chuma hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zikilowa. Kwenye mteremko wa tope na kilo 60 nyuma, shuka utembee.

Pikipiki

Pikipiki ya cc 100 hadi 150, silinda moja, inayopozwa kwa upepo, imefika vijiji ambavyo gari halijawahi kufika. Haihitaji barabara, inahitaji ukanda mkavu wa sentimeta 30 kando ya barabara. Kwa kusafirisha watu, hakuna chombo cha kijijini kinachoifikia. Kwa mizigo ni habari nyingine. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilo 130 hadi 150 pamoja na dereva. Dereva wa kilo 65 na abiria mmoja wamekwisha kuumaliza, na zile kilo 100 za hesabu ya juu zimekipita kikomo kidogo. Ndivyo zinavyobebwa, na ndiyo maana shokapu za nyuma na bushi za mkono wa gurudumu zinaisha mapema.

Lakini pikipiki nyingi za kijijini haziuawi na mzigo. Zinauawa na oili. Injini hizi zina kama lita 1 tu, na lita hiyo hiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Ikipungua robo hakuna akiba. Kwa kazi ya mzigo na vumbi, mwaga kila kilomita 1,500. Anayekwenda kilomita 60 kwa siku amefika hapo baada ya siku 25, si miezi mitatu. Usinunue oili ya gari kwa sababu ni rahisi: baadhi yake ina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inayozama ndani ya oili inaanza kuteleza. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya aina hiyo. Kopo lisilo na alama hiyo liache dukani, hata muuzaji akiapa.

Cha pili ni chujio la hewa. Lile la sponji linafuliwa kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, linakaushwa, linadondoshewa oili kidogo na kukamuliwa. Kiangazi, kila wiki. Mafundi wengi wa haraka huliosha na kulirudisha kavu, na sponji kavu hupitisha vumbi laini moja kwa moja hadi kwenye silinda. Moshi wa bluu ukianza kutoka, ringi zimekwisha kuliwa, na hakuna oili nene itakayozirudisha.

Mnyororo uwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 ukiupima katikati, upande wa chini. Kabla ya kupima zungusha gurudumu polepole, kwa sababu mnyororo uliochakaa hubana mahali pamoja na kulegea pengine. Pima pale unapobana. Kuukaza mno ni kosa baya kuliko kuulegeza: kila gurudumu la nyuma likipanda, mnyororo unaivuta shafti ya gia na beringi yake. Ukibadilisha, badilisha mnyororo na sproketi zote mbili pamoja. Mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka haumalizi msimu.

Kuhusu kilima, kuna marekebisho madogo ambayo wauzaji hawayataji. Sproketi ya mbele ikishushwa jino moja, kutoka 15 kwenda 14, pikipiki inapata nguvu ya kuvuta kama asilimia 7 zaidi na kupoteza kasi kwa kiasi hicho hicho. Kijijini nani anaitaka hiyo kasi? Klachi iliyokuwa inaunguzwa kwa kushikiliwa nusu mlima mzima inapumua.

Kwenye udongo mweusi unaonata, tatizo haliko kwenye injini wala tairi. Tope linajaa kati ya tairi ya mbele na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Madigadi yainuliwe juu, sentimeta kadhaa kutoka kwenye tairi, kama ya pikipiki za porini. Dereva na abiria watachafuka, lakini watafika.

Mtoni, simama kwanza uangalie mwendo wa maji. Maji yenye kina cha sentimeta 30 yakienda kasi yanaweza kulibeba gari dogo, sembuse magurudumu mawili. Yakiwa tulivu, kina kisifike kwenye mdomo wa chujio la hewa. Injini ikimeza maji na kuzima, usipige kiki: maji hayabanwi, na koneki rodi, chuma kinachoshika pistoni, ndiyo itakayopinda. Toa plagi, piga kiki taratibu maji yaruke nje, kisha angalia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, imwage hapo hapo. Baada ya kuvuka, endesha mita mia moja ukibonyeza breki kidogo kidogo zikauke.

Kwa anayepanda bodaboda badala ya kuinunua, vya kutazama ni vichache: tairi ya nyuma ina meno, taa ya mbele inawaka, na kuna helmeti ya pili yenye mkanda unaofunga. Tafiti za ajali za pikipiki zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Helmeti iliyotundikwa kwenye tangi la mafuta haipunguzi chochote.

Guta

Hiki ndicho chombo kinachouzwa kwa ahadi nyingi kuliko vyote, na ndicho kilichotuacha na mashaka mengi. Kwenye barabara iliyochongwa na kushindiliwa, guta la cc 200 lenye difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) na gia ya kurudi nyuma linafanya kazi ya pikapu kwa sehemu ndogo ya mafuta. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza barabara ikiwa ya kijijini kweli.

Tazama barabara ya udongo iliyopitwa na magari. Ina michirizi miwili ya matairi na tuta la majani katikati. Pikipiki inachagua mchirizi mmoja. Gari linakaa kwenye yote miwili. Guta linataka michirizi mitatu: magurudumu ya nyuma yakikaa kwenye michirizi, la mbele linapanda tuta, kwenye mawe na majani mabichi, la mbele likishuka kwenye mchirizi, moja la nyuma linapanda tuta na bodi lote linainama upande. Mzigo mrefu ukiwa juu, hapo ndipo guta linapolala. Hakuna dereva hodari wa kuliondolea guta umbo lake.

Kwenye tope kuna la pili. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu linaloteleza. Moja likiwa kwenye tope na jingine kwenye ardhi ngumu, lile la tope litazunguka bure na lile gumu litatulia. Kuongeza mafuta ni kuchimba shimo. Shusha nusu ya mzigo, weka mawe au matawi chini ya gurudumu linaloteleza, ondoka kwa gia ya kwanza bila kupandisha injini. Dereva anayetembea na jembe na mbao mbili fupi za upana wa tairi hulala nyumbani. Mwenzake hulala barabarani.

Upakiaji ndio unaoamua maisha ya chombo. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli ya nyuma, ukisogea mbele kidogo. Ukiwa nyuma mno, kwenye kilima gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haujibu. Ukiwa mbele mno, uma wa mbele, ambao mara nyingi ni wa pikipiki uliotiwa nguvu kidogo, hupinda kwenye shimo la kwanza. Kwenye karatasi iliyoandikwa kilo 1,000, sisi tungepakia 500 kiangazi na 300 mvua ikinyesha. Mwenye kuona ni kidogo aulize bei ya ekseli, na siku ngapi hadi ifike.

Kabla ya kulipa, kagua haya. Lala chini uangalie viungio vya chesisi pale springi zinapofungwa: uwe mshono mmoja mfululizo, usiwe matone ya kulehemu yaliyoachana. Pakia kilo 300 halisi, panda kilima, simama katikati, kisha ondoka tena. Kama klachi inanuka siku ya kwanza, haitakuwa bora mwezi wa sita. Ingiza gia ya nyuma mara kumi mfululizo. Ikiwa injini inapozwa kwa maji, ijaribiwe ikiwa imesimama na inawaka kwa dakika 20, uone feni inajiwasha yenyewe. Na mteremkoni, breki za nyuma peke yake hazitoshi: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Mkokoteni

Punda mmoja mwenye afya, mkokoteni wenye tairi za upepo na beringi, kilo 300 hadi 400 kwenye ardhi tambarare, kasi ya kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Kwa kilomita 15, hiyo ni saa nne hadi tano za kwenda tu, na kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kumtesa mnyama. Mpaka wake halali ni kilomita 5 hadi 7: shamba hadi nyumbani, kisima hadi nyumbani, nyumbani hadi mahali gari linapoishia. Ndani ya mpaka huo unalishinda guta, maana unapita msimu wote na spea zake ni za tairi na beringi tu.

Kosa la kawaida ni kumfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kuzuia nira. Punda hana, kwa hiyo mti unamkalia mfupani na kumchubua. Punda anavuta kwa kifua, kwa mkanda mpana uliowekewa kitambaa, usiopanda hadi kooni. Mizani ya mkokoteni ijaribiwe hivi: ukiwa umepakiwa, inua miti ya mbele ya kufungia punda kwa mkono mmoja. Ukishindwa, mgongo wa punda ndio unaoubeba. Sogeza mzigo nyuma. Jozi ya ng'ombe itavuta hadi tani moja, kwa mwendo wa taratibu zaidi, na kwenye mteremko mikokoteni mingi haina breki kabisa. Mti mmoja wenye kipande cha tairi kuukuu, unaobanwa kwenye gurudumu kwa kamba, unatosha.

Gari la abiria

Basi dogo linaloondoka alfajiri na kurudi jioni lina nauli ya chini kwa kila mtu kuliko pikipiki, likijaa. Ndipo penye tatizo: linasubiri lijae. Mwenye miadi ya zahanati saa tatu hawezi kulitegemea, na akilikosa la jioni, gharama yake halisi ni kulala mjini. Ratiba ya saa maalumu, siku mbili tu kwa wiki, inawafaa wakazi kuliko gari la kila siku lisilo na saa. Mvua ikinyesha linaishia njia panda, na wote wanarudi kwenye pikipiki.

Pikipiki ya umeme

Haina oili, chujio, plagi wala klachi, yaani karibu kila kilichoua pikipiki hapo juu kimeondoka. Tatizo ni chaji. Betri ya volti 72 na Ah 40 ina takriban kWh 2.9 (uniti 2.9 za umeme, au Wh 2,900), na kwa matumizi ya Wh 35 hadi 40 kwa kilomita inakwenda kama kilomita 75 tambarare. Weka mzigo na kilima, hesabu 50. Ni safari moja kamili ya kwenda na kurudi, na nusu nyingine. Paneli ya jua ya wati 300, kwenye saa tano za jua kali na ukitoa upotevu, inatoa kama kWh 1.1 kwa siku, kwa hiyo zinahitajika tatu kujaza betri moja, tena mchana, wakati pikipiki inapotakiwa kazini. Bila betri ya pili mpango huo haujakamilika. Kijiji chenye umeme wa gridi kinaweza kuinunua leo. Kingine kingoje.

Mgonjwa

Hili ndilo jaribio ambalo hakuna chombo kilicholipita vizuri. Mama mwenye uchungu anayekaa pikipiki kati ya dereva na msaidizi anasafiri kwa hatari kubwa. Trela la machela linalovutwa na pikipiki ni bora, mradi kiungo chake kiwe cha kuzunguka pande zote. Kile cha pini moja hulipindua trela pikipiki ikilala.

Pasipo trela, linabaki guta, na hapa lina kasoro isiyotajwa na muuzaji: springi zake zimetengenezwa kwa mamia ya kilo, kwa hiyo likiwa na mtu mmoja linaruka kama jiwe. Weka viroba vya mchanga vya kilo 150 hadi 200 juu ya ekseli, vitandazwe sawasawa, godoro juu yake, na punguza upepo wa matairi ya nyuma kidogo. Springi zinaanza kufanya kazi na mtikisiko unapungua waziwazi. Viroba vikae tayari kijijini, pamoja na lita 3 za petroli kwenye dumu lililofungwa, nje ya nyumba ya kulala, zisizoguswa kwa kazi nyingine. Kwenda na kurudi kilomita 30, lita 2 zinatosha. Ya tatu ni ya mto ukiwa umejaa na ikabidi kuzunguka.